Mwanga Haukumfikia Mjomba

Mjomba wangu alikufa mara ya kwanza kwa sababu ya mvua.

Tulikuwa tunatoka Bweranyange kurudi Nyaishozi, vuli imekolea, naye hawezi kutembea. Funza walikuwa wameingia miguuni mwake kwa wingi kiasi kwamba vidole vilikuwa vimevimba na kukaa mbalimbali, kama vinagombana. Wapagazi wakambeba kwa machela. Mvua iliponyesha, nguo iliyokuwa karibu ilikuwa jora la bafta tulilokuwa tunalipeleka dukani, jeupe, jipya. Tukamfunika nalo gubigubi, kichwa mpaka miguu, naye akalala usingizi humo ndani kwa raha zake.

Kwenye mteremko tukapishana na msafara wa watu wa Tabora wanaorudi kwao. Waliona machela. Waliona bafta, nguo ya sanda. Waliniona mimi nafuata nyuma nimeinamisha kichwa, maana mvua ilikuwa inanipiga usoni. Kiongozi wao akasimama pembeni, akaweka mkono kifuani.

"Poleni sana, ndugu yangu."

"Tushapoa," nikamjibu. "Ndiyo mapenzi ya Mungu."

Mimi nilikuwa nazungumzia matope.

Hivyo ndivyo habari ilivyofika Tabora. Ilipokuja kuturudia Nyaishozi, ilikuwa imekwisha kuiva. Msafara mwingine ulitufikia na salamu za rambirambi kwangu, na mjomba mwenyewe ndiye aliyezipokea, akiwa amekaa juu ya gunia la chumvi. Khitma ilikwisha kusomwa. Watu wamekula wali. Mkewe wa Tabora yumo edani, amevaa nguo nyeupe, hatoki nje. Na mdogo wake mjomba, ambaye naye ni mjomba wangu lakini sikupata kumpenda kwa kiasi hicho, alikuwa anapeleka mchele pale nyumbani kila Ijumaa, na kuulizia paa kama linavuja. Kila mtu alielewa. Eda ikiisha, ataoa mjane na kuhamia ndani ya nyumba.

"Anataka kunirithi mzima mzima," mjomba akasema. "Tulipokuwa watoto alikuwa anangoja niangalie pembeni anichukulie nyama sahanini. Hajabadilika."

Hapa sina budi kueleza sisi ni akina nani. Babu zetu walitoka pwani wakakaa Tabora. Mjomba alikuja Karagwe kufuata biashara, akabaki. Tulikuwa na duka Nyaishozi, mimi na yeye: nguo, shanga, chumvi, sindano; tunanunua ngozi na kahawa. Mkewe wa Tabora ndiye aliyenilea, nami namwita Mama Mkubwa. Nyaishozi alikuwa na mke mwingine, Mnyambo, mwenyeji wa huko huko Karagwe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika shamba la pili, nami namwita Mama Mdogo. Mama Mdogo alijua habari zote za Mama Mkubwa. Mama Mkubwa hakujua kwamba Mama Mdogo yupo duniani. Mjomba alikuwa anangoja wakati mzuri wa kumwambia, na wakati huo ulikuwa unampita kila mwaka bila yeye kuuona.

Mama Mdogo alipoelezwa kwamba mume wake amekufa, aliweka chini ungo wa maharage.

"Kwa hiyo mimi ni mjane tangu vuli? Na hakuna hata mtu aliyeniletea mkungu wa ndizi kunipa pole?"

"Mke wangu, huu si wakati wa mzaha."

"Si mzaha. Mwenzangu amelia, amepikiwa, amekaa ndani anapumzika. Mimi nakutoa funza."

Tulipeleka habari Tabora kwamba mjomba ni mzima. Jibu likarudi kwamba mjomba mdogo amesema maneno ya kuagizwa hata mtu aliyekufa anaweza kusemewa, na kwamba mimi ninaficha kifo ili duka libaki kwangu. Mjomba kwenda mwenyewe hakuweza. Kwa ile miguu, hata kufika kisimani kulikuwa safari. Na eda haingoji miguu ya mtu. Ikiisha, imeisha, na nikahi itafuata.

Ndipo akaja mtu mmoja mwenye sanduku.

Alikuwa mtu wa Unguja, mwembamba, mwenye mikono ya rangi ya kahawia kwa ajili ya dawa zake. Kazi aliisomea pwani kwa Mgoa mmoja, kisha akazunguka Bukoba akiwapiga picha askari wa Mjerumani, ambao alisema ni watu wazuri kwa picha kwa kuwa wamezoea kuamriwa wasitikisike. Alipofika Nyaishozi wapagazi wake wakamkimbia kwa ajili ya mvua, akabaki anangoja wengine, akalala ghalani kwetu. Alikuwa amebakiwa na vioo vitatu tu vya kupigia picha.

Mjomba alipojua mgeni wetu ana nini ndani ya sanduku, alijiinua kwenye mkeka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Fundi, picha yako inaweza kuonyesha kwamba mtu yu hai?"

Fundi akafikiri. "Inaonyesha mtu, mzee wangu. Uhai anauleta mwenyewe."

Basi tukakubaliana. Picha ipigwe, mimi niibebe mpaka Tabora na msafara wa kwanza.

Fundi alitaka mjomba akae nje, ukutani pa duka. Mjomba akakataa. Nje palikuwa na mvua kila saa nyingine, na hata isiponyesha, palikuwa na wateja. Miguu yake ilikuwa imefungwa majani ya mgomba na dawa ya Mama Mdogo, mfano wa vifurushi viwili vya samaki, naye hakutaka kuonwa.

"Nimekufa Tabora," akasema. "Sitaki kufa tena Nyaishozi kwa kuchekwa."

Picha ikabidi ipigwe nyumbani kwa Mama Mdogo, katika nyumba ya msonge aliyojengewa na ndugu zake. Wasiowahi kuingia katika nyumba hiyo wajue kwamba ni duara moja kubwa la nyasi kutoka chini mpaka kileleni, halina dirisha, lina mlango mmoja mfupi. Na ndani kuna mpango. Mtu wa heshima hukaa mbali na mlango, ndani kabisa. Anayemfuata kwa heshima hukaa mbele yake kidogo. Hivyo hivyo mpaka mlangoni, ambako hukaa vijana, wageni wasiojulikana na ndama. Mjomba alikuwa ameacha mambo mengi ya Karagwe yampite, hata lugha yenyewe aliizungumza kwa kukwaruza, lakini hili la kukaa ndani alilishika kuliko waliozaliwa nalo. Alikuwa na kigoda chake kule mwisho, na hakuna aliyewahi kukikalia.

Fundi aliingia, akasimama katikati, akageuka huku na huku akitazama mkono wake mwenyewe. Aliunyosha kuelekea mlangoni, akaurudisha. Nilidhani una maumivu.

"Mzee wangu, sogea hapa mlangoni."

"Mlangoni anakaa ndama."

"Basi ndama atatoka vizuri sana."

"Fundi, mimi ndiye mwenye mji huu. Nikakae mlangoni kama niliyekuja kuomba moto?"

Fundi akaeleza kwa upole. Alisema mwanga ukishaingia mlangoni hauendi mbali bila kuchoka. Mtu akirudi nyuma mara mbili ya pale alipokuwa, asidhani mwanga unabaki nusu. Unabaki robo. Akirudi mara tatu, hata hiyo robo ataikumbuka kwa machozi.

Mama Mdogo akaelewa mara moja. "Kama joto la mafigani. Ukikaa karibu unaungua, ukisogea nyuma kidogo tu unatafuta blanketi."

"Hivyo hivyo, mama."

"Robo inatosha," mjomba akasema. "Uso wangu si mkubwa kiasi hicho."

Tukakaa kwa heshima zetu. Mjomba mwisho kabisa kwenye kigoda chake, na kanzu, na koti, na kofia ya kushona. Mama Mdogo akapita mbele ya sanduku wakati wa kupanga viti, akaketi anapoketi siku zote, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwambia atoke. Mimi karibu na mlango, kwa kuwa ndipo mahali pa mpwa. Na ndama alikataa kuondoka. Fundi akaweka sanduku lake juu ya miguu yake mitatu upande wa mlango, akajifunika kitambaa cheusi, akajifunua, akafungua kioo, akahesabu kimoyomoyo huku midomo inacheza, akafunga.

Kioo alikisafishia ghalani, akiwa ameziba mianya yote kwa magunia. Kisha tukangoja jua lichapishe picha juu ya karatasi, na jua la masika huko kwetu huja kama mtoza ushuru, kwa ghafla na bila kukaa. Lilipokuja, tukapata picha.

Ndama alikuwa mzuri wa kutisha. Kila unywele wa sikio lake ulihesabika. Mimi nilikuwa mweupe kupita kiasi, mfano wa mtu aliyeanguka kwenye unga. Mama Mdogo alionekana kwa kufifia, kama kwenye moshi. Na kule nyuma, ambako macho yote yalitakiwa kwenda, palikuwa na giza, na juu ya giza palielea kofia, na chini ya kofia, baada ya nafasi tupu, palielea ndevu.

Mjomba aliishika karatasi mbali, kisha karibu.

"Mimi niko wapi?"

"Hapa hakuna mtu," Mama Mdogo akasema. "Hapa kuna kofia inayomsubiri mtu."

"Fundi, kwa nini hukuacha kioo wazi zaidi?"

"Ningekiacha, mzee wangu, wewe ungetokea kidogo, na mpwa wako na ndama wangeyeyuka wote wawili."

"Wangeyeyuka!" mjomba akafoka. "Unadhani ninapeleka ndama Tabora?"

Kwa kweli picha ile isingeweza kupelekwa. Mtu aliyeambiwa kwamba ndugu yake amekufa, kisha akaletewa kofia inayoelea gizani, hahitaji ushahidi mwingine.

Usiku ule mjomba hakulala, na asubuhi alikuwa na shauri. Kama yeye hawezi kuufuata mwanga, mwanga umfuate yeye. Litobolewe tundu kwenye nyasi za ukuta, pale pale ubavuni mwa kigoda chake.

Mama Mdogo aliposikia, kelele zake zilimtoa hata jirani aliyekuwa anapalilia migomba.

"Masika haya! Unitobolee nyumba masika haya, ili mwanamke wa Tabora ajue una uso?"

"Mke wangu, nitaziba."

"Utaziba na miguu ipi?"

Lakini mwishowe akakubali. Alisema atakubali, lakini kuna jambo atalitaka baadaye, na hakusema ni lipi. Mjomba, kwa haraka aliyokuwa nayo, hakuuliza. Mimi niliona jinsi Mama Mdogo alivyochukua panga mwenyewe na kukata nyasi zake kwa utulivu, nikawaza kwamba mtu asiyelalamika tena ni wa kuogopwa.

Tundu likafunguka, la ukubwa wa sinia. Mwanga ukamwangukia mjomba begani. Alifurahi mno, akajiona kama sultani. Fundi akakuna kichwa.

"Mzee wangu, sasa uko karibu mno. Shavu hili liko tunduni kabisa, na lile liko mbali mara mbili. Kwa mwanga wa karibu, hata upana wa uso ni safari."

"Jana nilikuwa mbali, leo niko karibu. Wewe hupendi kitu. Piga."

Akapiga. Jua likaja, karatasi ikatoka. Upande mmoja wa mjomba ulikuwa umewaka, sikio jeupe, jicho moja, nusu ya pua, nusu ya ndevu. Kuanzia katikati ya pua kwenda upande wa pili hakukuwa na kitu. Palikatwa kama kwa wembe.

Mama Mdogo aliitazama picha, akamtazama mumewe, akaitazama picha.

"Nusu yu hai," akatoa hukumu. "Basi mdogo wako naye aoe nusu."

Nilicheka. Mjomba akanigeukia kwa jicho ambalo, kwa bahati mbaya, lilikuwa lile lile la kwenye picha.

Kilikuwa kimebaki kioo kimoja. Kutoka kijiji cha Igurwa zikaja habari kwamba msafara wa kwenda Tabora unafunga mizigo, nasi tulijua eda iko ukingoni. Mjomba hakupiga tena kelele. Alikaa kwenye kigoda chake na nusu picha mapajani, akasema polepole kwamba nyumba ile ya Tabora aliijenga mwenyewe, na kwamba Mama Mkubwa alikuwa anamtilia tangawizi nyingi mno katika kahawa, na kwamba hakupata kumwambia ni nyingi mno kwa sababu alikuwa anaipenda. Hata Mama Mdogo alinyamaza, jambo ambalo lilimtia fundi wasiwasi.

"Fundi," mjomba akasema, "niweke unapotaka."

Fundi akachukua uzi. Akafunga ncha moja kwenye ufito wa tundu, akaenda na ncha ya pili huku na huku ndani ya nyumba, akiinama, akitazama mkono wake. Alisema anatafuta mahali ambapo mwanga haujachoka bado, lakini umeshaacha haraka zake. Mahali ambapo kutoka shavu hadi shavu hauoni tofauti. Upande wa pili mimi ningeshika kitambaa cha amerikani nyeupe kutoka dukani, ili mwanga ukigonga pale urudi nyuma kidogo na kuosha ule upande wa giza. Akazunguka mpaka uzi ukakaza, akasimama.

"Hapa."

Alikuwa amesimama mahali pa Mama Mdogo, upande wa wanawake, pale anapochambulia maharage. Maganda yenyewe yalikuwa bado yapo chini.

Mjomba akafumba macho. "Mwanamume kukaa kwenye maganda ya maharage."

"Mzee," Mama Mdogo akasema, "nyumba hii ni ya nani?"

"Yako."

"Nyasi za kukalia humu anatandika nani?"

"Wewe."

"Na mgeni mkubwa akija, anakaa wapi?"

"Unapotandika nyasi mbichi."

Mama Mdogo akatoka. Akarudi na mzigo wa nyasi mbichi zenye umande, akafagia maganda, akazitandika pale pale, nene, mpaka ukutani, akazipapasa kwa kiganja.

"Leo heshima iko hapa. Njoo."

Hakuna Mnyambo ambaye angeweza kupinga jambo hilo, na mjomba alikuwa Mnyambo kwa yale aliyoyapenda. Nikamshika mkono mmoja, fundi mwingine, tukamhamisha. Alipokaa, mwanga ukamwenea uso mzima, ukamlegeza, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mjomba wangu alikuwa na sura ya mtu mwema. Fundi akashusha pumzi.

Hapo Mama Mdogo akaketi kando yake.

"Mke wangu," mjomba akasema, "tunapiga sasa."

"Najua. Nilisema kuna jambo nitalitaka. Nataka kuwemo."

Mjomba alinitazama mimi. Mimi nilitazama amerikani niliyopewa kuishika. Nilikuwa na kazi.

"Ndama amekwenda Tabora," akaendelea. "Mimi nisiende?"

"Ndama hakwenda!"

"Alipigwa. Mimi nilikuwa moshi."

Mjomba akajaribu njia nyingine, kwa sauti tamu. "Basi akae nyuma kidogo. Fundi, anaweza kukaa nyuma kidogo, kwa heshima?"

"Akikaa nyuma, mzee wangu, atafifia."

"Ndiyo. Afifie kwa heshima."

Mama Mdogo akauchukua ule uzi mkononi mwa fundi. Akaupima kutoka tunduni mpaka kwenye pua ya mumewe, akafunga fundo kwa kucha. Akaupima kutoka tunduni mpaka kwenye pua yake, akasogea, akasogea tena, hadi fundo likamgusa.

"Sawa sawa," akasema, akamrudishia fundi uzi wake. "Wewe si ulisema umbali ndio kila kitu?"

Fundi akajifunika kitambaa. Akajifunua. "Msitikisike. Hata mkiumwa na mbu. Hata mkikumbuka deni."

Akafungua.

Mimi nilikuwa nimesimama na kile kitambaa changu, naona vizuri kuliko wote. Mama Mdogo aligeuka mlingoti. Hakupepesa. Mjomba naye alianza kwa kutulia. Kisha nikaona bega lake linatembea. Alikuwa anajivuta mbele kwa makalio juu ya zile nyasi, taratibu, uso umekakamaa kama wa mtu asiyefanya lolote, ili aje akae kati ya tundu na Mama Mdogo na kivuli chake kimfunike. Fundi midomo inahesabu, macho yanamtoka, mkono unampungia asiendelee. Mjomba akadhani anaambiwa aongeze. Akaongeza.

Fundi akafunga. Alikwenda ghalani moja kwa moja.

Karatasi ilipotoka, Mama Mdogo alikuwa juu yake mzima, kila shanga ya shingoni, kila mkunjo wa nguo, macho yanamtazama mtu mpaka mtu anaomba radhi. Hakuna kivuli kilichomfikia. Kando yake alikuwapo mtu mwenye pua mbili, macho matatu na kidogo, na ndevu zilizovutwa pembeni kama moshi wa kuni mbichi.

"Peleka hii," Mama Mdogo akaniambia. "Mimi nimetoka vizuri."

Hatukuwa na nyingine. Nikaifunga ndani ya bafta, kisha nikafikiri, nikaifungua nikaifunga ndani ya kaniki nyeusi, nikaondoka na msafara. Mjomba aliniaga bila kunitazama.

Tabora nilifika eda haijaisha. Mjomba mdogo alinipokea kwa kunikumbatia na kuninusa kama anatafuta harufu ya duka. Tukakaa barazani: yeye, sheikh wa mtaa, wazee wawili watatu wa nyumba jirani. Mama Mkubwa alikuwa nyuma ya pazia, ndani, kama eda inavyotaka. Nilisikia kikuku chake, nikajua anasikia.

Nikaitoa picha. Mjomba mdogo akaitazama, akacheka.

"Huyu ni nani? Mtu ana pua mbili. Ndugu yangu alikuwa na pua moja, Mungu amrehemu. Umetuletea jini."

Sheikh alisema kutazama picha si jambo zuri kwa Mwislamu. Akaomba aletewe. Kisha akaomba asogezewe karibu na dirisha, kisha mbali kidogo na dirisha, maana karatasi ilikuwa inang'aa, kisha akapata mahali. Alikaa nayo muda mrefu kwa mtu asiyependa picha.

"Huyu mwanamke," akauliza, "alipigwa picha siku moja na huyu mwanamume?"

"Wakati mmoja, sheikh. Umbali mmoja, mwanga mmoja."

"Na yeye ana pua moja."

"Alitulia."

"Na mwanamume hakutulia."

"Hakutulia, sheikh."

Sheikh akaiweka picha gotini. "Mimi nimeosha maiti wengi hapa mtaani. Wana tabia mbalimbali, lakini hili la kutulia wanafanana."

Wazee wakaguna kukubali. Mjomba mdogo akainuka nusu. "Je, kama ilipigwa kabla hajafa? Mwaka juzi? Nani anajua? Na isitoshe, uso wenyewe hausomeki, nani atasema ndiye?"

"Leteni hiyo picha," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Nikaipenyeza. Kisha kikuku kikasogea kuelekea kwenye upenyo wa mlango wa uani, kwenye mwanga. Nilijua anamtazama nani.

"Ni yeye," Mama Mkubwa akasema.

"Shemeji, umemjuaje? Uso umevurugika."

"Simjui kwa uso. Namjua kwa kusogea. Mume wangu akiwa na kitu cha kunificha, husogea hivi, makalio kwanza, akanikalia mbele. Siku alipovunja birika la mama yangu alisogea hivi hivi. Hapa anajua picha inakuja kwangu, anataka kumziba huyu mwanamke nisimwone." Kikuku kikalia tena. "Na aliyekufa hana sababu ya kunificha mwanamke. Anayeficha ni anayejua kwamba bado nitamshika."

Sheikh alisema, kwa maoni yake, hiyo ni hoja nzito. Akasema eda imekufa yenyewe, kwa kuwa haikuwa na maiti, na akamwomba mjomba mdogo asisumbuke tena na mchele wa Ijumaa, ingawa pia alisema ulikuwa mchele mzuri.

Mama Mkubwa akatoka barazani. Alikuwa amekwisha kutupa ile nguo nyeupe, amevaa leso nyekundu, na picha mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, lakini macho yalikuwa kwenye karatasi.

"Anaitwa nani huyu?"

Nikamwambia.

"Ametulia sana."

"Ndiyo, mama."

"Ana watoto?"

"Hajajaaliwa."

"Anampikia nini?"

"Ndizi na maharage."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Akatikisa kichwa, sijui kwa kumhurumia nani. Kisha akamgeukia mjomba mdogo, aliyekuwa anatafuta viatu vyake.

"Wewe shemeji. Ulikuwa unaulizia paa langu kama linavuja. Linavuja upande wa jikoni. Kaa hapa ulitengeneze, ufagie na uani, mpaka nitakaporudi."

"Unakwenda wapi?"

"Karagwe."

Nilijaribu kumwambia kuhusu umbali, mvua, baridi ya vilima vya kwetu na funza. Alinisikiliza kwa adabu huku anafunga mizigo. Tukaondoka na msafara uliofuata, yeye juu ya punda, picha imefungwa kiunoni mwake. Alikuwa msafiri mwema, halalamiki, hachelewi. Ila kila jioni tulipotua na moto ukawashwa, alikuwa ananiita.

"Kuna habari yoyote kutoka mbele?"

"Wapagazi waliotoka huko wanasema mjomba ni mzima, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akajifunika leso vizuri. "Asije akafa kabla sijafika."